Pomboo Wameambiwa, Mimi Sijaambiwa

Jumapili, 2 Machi 2025

Tumekata tiketi! Mimi na Vai! Tarehe 10 Mei tunaogelea na pomboo, Hispania. Naandika kwenye treni kutoka Stratford kurudi Hayes, mwandiko unaruka, sijui ni treni au ni furaha.

Chanzo ni Mama Tevin. Leo ni ibada ya Kiswahili, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Baada ya ibada chai na maandazi, na wanawake wakaanza kuitana kama kawaida yao. Mama Tevin, Mama Anne-Marie, mama huyu, mama yule. Sisi wawili tu ndio "dada Haika" na "dada Vaileth". Miaka sita tunakaa mwisho wa meza ileile. Basi Mama Tevin akatangaza, kwa upendo tele, ndivyo anavyodhani mwenyewe, kwamba tarehe 10 mwezi wa tano kuna maombi maalumu ya wanaotafuta watoto, na majina yetu ameshayaandika. Ameshayaandika! Kamuuliza nani?

Vai akanifinya chini ya meza. Akasema, pole, Mama Tevin, tarehe hiyo tuna safari. Safari gani? Tunakwenda kuogelea na pomboo. Weee! Mama Anne-Marie kandazi kake kakabaki hewani. Mimi nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Lakini haukuwa utani mtupu. Mimi na Vai tulijuana kwenye foleni ya kliniki ya uzazi, na ukutani palikuwa na picha kubwa ya pomboo anaruka. Sijui nani aliona inafaa kuweka picha ile mahali pale. Vai, wala hatujajuana vizuri, akaniambia, dada, siku wakituambia basi, tutakwenda kuwaona hawa, tuwaulize wanacheka nini. Mimi wameshaniambia basi. Januari. Daktari alisema kwa upole, miaka arobaini na mbili, tumejaribu vya kutosha. Vai ana thelathini na sita, bado anajaribu.

Na tuliapizana siku zilezile, kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha: atakayepata, mwenzake awe wa kwanza kujua. Kabla ya mume, kabla ya mama mzazi.

Jioni hii tumekaa kwake na simu yangu tunachagua. Kumbe kuwakaribia pomboo kuna ngazi, kama madarasa! Kuna kukaa jukwaani ukaangalia wakirushiwa mipira. Kuna kuwalisha samaki ukiwa ukingoni. Kuna kusimama kwenye maji ya kiunoni ukawapapasa. Kuna kuingia maji marefu kabisa, unashika pezi, pomboo anakuburuta. Hata kuna kuwa msaidizi wa wakufunzi siku nzima, kuosha ndoo za samaki, na watu wanalipia hilo! Hapa Uingereza hawafugwi tena, ndiyo maana Hispania. Na sasa pasi za bluu, za Uingereza, tunazo wote wawili, viza ya nini tena?

Vai akasema, dada, hatukuja duniani kukaa jukwaani. Maji marefu. Ulimboka, mumewe, akasema tukizama yeye hayumo. Imeli tumeweka yangu, maana Vai nywila zake zote amesahau.


Jumatano, 12 Machi 2025

Nimekunywa nusu ya bwawa la Hayes.

Kule kwa pomboo wanataka mtu anayeweza kuelea mwenyewe. Sisi watu wa Marangu maji tunayajua ya mfereji, yanaishia kwenye kifundo cha mguu. Nimeshika ukingo kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake. Mwalimu wetu, Natasha, binti wa Mombasa mwenye sauti ya kamanda, anasema achilia, mama, maji hayakudai kitu! Nikaachilia. Nikazama. Vai akanivuta kwa kamba ya suti ya kuogelea, tukacheka mpaka wazee waliokuwa wanaogelea kwa heshima zao wakatuangalia.

Vai anaelea kama jani. Anakuja kutoka Stratford kila Jumatano kwa ajili yangu. Dada angu wa damu yuko Moshi na hajanipigia tangu Krismasi. Huyu ndiye dada.


Jumamosi, 29 Machi 2025

Vai hajaja bwawani Jumatano mbili. Anasema klorini inamwasha. Mara zamu, mara mgongo. Nimemwambia tutafute mafuta ya ngozi, akasema nitaona, dada.

Mimi naelea! Sekunde ishirini. Natasha alipiga makofi.


Jumapili, 6 Aprili 2025

Vai amekonda. Kanisani alitoka katikati ya mahubiri, akarudi macho mekundu. Tumbo, akasema, kazini kuna ugonjwa unazunguka kwa wazee. Anatunza wazee kwenye nyumba moja kule kwao Stratford, kweli wale wakiumwa mmoja wanaumwa wote.

Bahati nzuri nilikuwa nimempikia mtori. Niliamka mapema, ndizi, nyama ya mifupa, nikaponda kwa mkono, siyo mashine. Vyombo viwili nimevipakata toka Hayes mpaka Stratford, treni nzima inanusa. Huwa anakula huo mtori wangu akiwa amesimama, kwenye kifuniko. Na akirudisha vyombo harudishi vitupu, ndivyo tulivyolelewa sote, utakuta karanga ndani, au maharage ya kwao Tukuyu aliyoletewa.

Leo akasema asante, dada, akavitia kwenye mfuko. Hakufungua hata kunusa. Akanikumbatia kwa bega. Kwa bega! Kama mjumbe wa kamati.

Nimwonee huruma tu, anaumwa.


Alhamisi, 17 Aprili 2025

Alhamisi Kuu. Nilipitia Stratford kununua viatu vya maji kwa ajili ya safari, nikakutana na Njeri, yule Mkenya anayefanya kazi na Vai. Akanikumbatia kabisa. Eti, dada, ile mtori yako, wueh! Tulikula tukalamba chombo! Nikauliza, mtori upi? Ile Vaileth alituletea kazini, yote, tena yeye hata hakuonja, alisema tumalize.

Nikasema, ooh, vizuri. Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Tumbo lilikuwa linamsumbua, sawa. Lakini si angeniambia tu? Miaka sita, ameanza lini kunionea haya?

Nimenunua viatu jozi mbili. Vyangu na vyake.


Jumanne, 22 Aprili 2025

Naandika chooni, kazini. Kofia ya nywele bado iko kichwani. Dakika zangu za mapumziko zimeisha na sitoki.

Imeli imekuja kutoka kwa watu wa pomboo. Mabadiliko ya tiketi. Mgeni wa kwanza, Haika, kuogelea maji marefu, hakuna mabadiliko. Mgeni wa pili, Vaileth, ameondolewa kwenye kuogelea, sasa ni mtazamaji, atakaa kwenye benchi. Halafu wameandika, kwa furaha kabisa, kwamba kwa kuwa mgeni wa pili amewajulisha kuwa ni mjamzito, kwa usalama wake haruhusiwi programu yoyote ya majini, hata ile ya kiunoni. Hongera sana! Na kakatuni ka pomboo anapuliza mapovu.

Nilipiga yowe. La furaha! Mungu ni shahidi wangu, kitu cha kwanza kilichonitoka ni furaha. Lata, tunayepanga naye trei za chakula cha ndege, akaja mbio akidhani nimekatwa na mashine. Nikamwambia rafiki yangu amepata. Nikamshika mikono, nikaruka naye.

Halafu nikaacha kuruka.

Vai hajui kwamba imeli inakuja kwangu. Amesahau. Aliwaandikia kwa siri, akawaambia watu asiowajua, Wahispania, wenye ndoo za samaki. Pomboo wameambiwa. Mimi sijaambiwa.

Na hapo yote yakajipanga yenyewe. Klorini. Kukumbatia kwa bega. Mtori kugawiwa kazini.

Jamani, mimi si mtoto. Najua mimba changa haitajwi. Mama yangu alificha zake zote mpaka gauni likasema lenyewe. Na najua pia inafichwa zaidi kwa nani. Kwa yule asiyenacho. Yule aliyekosa, mwenye jicho la husuda. Chakula chake hakiliwi, mkono wake haugusi tumbo. Tulikuwa tunawacheka wanawake wa aina hiyo, mimi na Vai. Yule wa kanisani aliyemficha mtoto wake kwa kanga tulipopita, tulimcheka mpaka kituoni, tukafika tukalia.

Kumbe sasa mwenye jicho ni mimi.

Lata anagonga mlango.


Jumatano, 23 Aprili 2025

Godson anasema labda Vai anaogopa kuniumiza. Mume wangu ni mtu mwema, anawatafutia wote sababu. Nikamwambia, Godson, anayeogopa kuniumiza ananiambia taratibu, kwa kulia, kwa kushikana mikono. Hawapi watu chakula changu kama sumu. Akaenda kuosha vyombo.

Nimeamua. Sitauliza. Nitasubiri aniambie mwenyewe. Nitampa kila nafasi.

Bwawani leo nimevuka upana wote. Natasha akasema, unaogelea kama umekasirika. Nikasema ndiyo.


Jumapili, 4 Mei 2025

Nafasi ya kwanza. Kwenye chai nikamwuliza, Vai, kuna jipya? Akasema, jipya liko wapi, dada, ni zamu na kulala.

Nafasi ya pili. Nikamwambia, ukiona hujisikii kuingia majini useme tu, tunaweza kubadilisha. Nikamtazama machoni. Nilikuwa naomba, kwa kweli, moyoni nilikuwa nimepiga magoti. Akanishika kiganja akasema, tutaogelea, dada! Usinitishe! Halafu akacheka. Tiketi yake ni ya benchi tangu wiki mbili zilizopita!

Nafasi ya tatu nikaimeza. Mama Tevin alikuwa anakaribia na sinia.

Yaani anauma na kupuliza. Na alivyopendeza, ngozi inang'aa, mashavu yamerudi. Nimemchukia na nimetaka kumshika mashavu, vyote kwa pamoja.


Ijumaa, 9 Mei 2025

Uwanja wa ndege wa Gatwick. Yuko chooni, naandika haraka. Amevaa dera kubwa ambalo lingetutosha wote wawili. Nimembebea begi lake na amekubali bila ubishi. Vai! Aliyekuwa anagombania kubeba! Kwenye ulinzi, pale pa kupita kwenye mashine, akamvuta ofisa pembeni akamnong'oneza. Ofisa akatabasamu, akampapasa kwa mkono.

Ofisa wa Gatwick naye ameambiwa.


Jumapili, 11 Mei 2025

Nyumbani. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Jana asubuhi, kwenye dawati la bustani ile ya pomboo, kila mtu anasaini karatasi. Una ugonjwa wa moyo? Unaweza kuelea? Je, una mimba? Nikaweka alama kwenye hapana. Kalamu iliteleza yenyewe, imezoea. Vai alisimama amenigeuzia mgongo, anasaini yake kwa kuifunika kwa mkono, kama mtoto anayeogopa kuibiwa mtihani. Nikapewa bangili ya plastiki ya bluu. Yeye nyeupe.

Nikasema, mbona nyeupe?

Nikasubiri. Nilijiambia hapa ndipo, sasa hana pa kukimbilia. Akashusha macho. Akasema, dada, nisamehe, sitaingia. Imekuja.

Imekuja.

Neno hilo kati yetu si la mchezo. Miaka sita, kila mwezi damu ikionekana, mmoja anamtumia mwenzake ujumbe wa neno hilo moja. Imekuja. Basi mwenzake anaacha chochote anachofanya, anapiga simu, mnalia. Nimelipokea neno hilo kwenye basi, kazini, kwenye harusi ya mdogo wake Godson. Kalichukua neno letu la msiba akalifanya udhuru wa kukaa benchi!

Nikasema, pole, mdogo wangu. Na akapokea hiyo pole. Akaipokea!

Nilikwenda kubadilisha nguo naona giza. Wakatupa suti nyeusi za mpira, nikavutwa na wanawake wawili ili zipu ifunge. Nilitaka kurudi hotelini. Nilitaka kupiga kelele kwa Kichaga. Kisha nikasema, hapana, Haika, hukunywa bwawa lote la Hayes bure.

Tulikuwa watu sita na mkufunzi. Kwanza alitufundisha adabu. Usiwashike puani, usiwaguse tundu la kupumulia, pete na hereni zote vua. Msichana mmoja akasema ona anavyotucheka! Mkufunzi akasema hapana, hacheki, mdomo wake umeumbwa hivyo, hata akiumwa utamwona hivyohivyo. Nikageuka nikamtazama Vai pale benchini. Alikuwa anatabasamu.

Pomboo wangu aliitwa Lola. Ngozi yake kama yai la kuchemsha lililomenywa. Pumzi inanuka dagaa. Alikuja akasimama wima mbele yangu, akaniangalia kwa jicho moja, dogo, la mtu mzima, akaniangalia muda mrefu. Nikajikuta namwambia kwa Kiswahili, unaangalia nini, wewe? Halafu nikashika pezi.

Mama yangu! Yale si maji, ni upepo. Alinivuta bwawa zima. Nililia ndani ya maji na hakuna aliyejua, sura zetu zote zilikuwa zimelowa. Na kule katikati, nikiwa nimeshikilia mgongo wa mnyama aliyefungwa naye kwenye kibwawa chake anazunguka kila siku, hasira ikanitoka. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kueleza vizuri. Nikaona Vai ni mwoga tu. Ameogopa miaka sita, amepata, anashikilia kwa meno, angeweza kukiogopa hata kivuli chake. Nikasema, mwache. Mtoto huyo ni wetu hata kama hajasema.

Nikainua mkono nikampungia. Nilipunga kwa moyo wote! Jua lilikuwa usoni, sikumwona vizuri, ila niliona amekaa palepale. Nimemsamehe, nikasema kwa sauti, mkufunzi akadhani namwambia yeye, akasema okei.

Kwenye ndege alilala begani kwangu. Sikujisogeza, mpaka mkono ukafa ganzi.


Jumatano, 14 Mei 2025

Picha zimekuja.

Kule wana mpiga picha anayezunguka ukingoni, halafu wanakutumia zote. Kumi na mbili. Nilizifungua wakati wa chakula cha mchana, nikamwita Lata aone shujaa wake.

Ya sita. Mimi nimeipa benchi mgongo, Lola ananibusu shavu. Nyuma yangu, pale benchini, Vai amekaa, mkoba uko pembeni, anakula aiskrimu.

Ya saba. Mimi nimegeukia benchi, kamera imenichukua ubavuni, nimeinua mkono, napunga, meno yote nje, sijawahi kujiona nina furaha namna ile. Pale ninapopungia, Vai ameushika mkoba kwa mikono miwili, ameukandamiza tumboni. Uso ameugeuza pembeni. Macho amefumba. Midomo iko wazi kidogo. Ninamjua, ninajua sura yake akikemea kwa maombi, tumeomba pamoja mara ngapi? Aiskrimu iko chini kwenye saruji.

Ya nane. Nimegeuka tena kwa Lola. Mkoba umerudi pembeni. Vai anajifuta mikono.

Nilizirudia, ya sita, ya saba, ya nane. Ya nane, ya saba, ya sita. Lata akasema, huyo rafiki yako nyuma anaogopa nini? Nikasema jua.

Wakati nilipokuwa namsamehe, alikuwa ananikemea. Mimi! Kama pepo! Kwa jina la Yesu, shindwa, Haika. Mimi niliyenunua viatu jozi mbili.

Nimeomba ruhusa nikaondoka kazini. Nimekaa kituo cha basi cha Hayes, mabasi matatu yamepita. Sijui hata nilikuwa nasubiri namba gani.


Alhamisi, 15 Mei 2025

Ameandika ujumbe. Dada, picha zimekuja? Nitumie na mimi.

Sijajibu.


Jumamosi, 17 Mei 2025

Yuko sebuleni. Mimi niko jikoni, naandika juu ya kabati la vyombo, nimesimama.

Alikuja bila taarifa, saa saba mchana. Godson yuko kazini. Nilikuwa jikoni napika mtori, wangu mwenyewe, kwa hasira zangu, ndizi nimeziponda mpaka sufuria inalia. Kengele ikalia. Vai, na dera lake, na vyombo vyangu viwili mkononi, vimeoshwa vizuri. Vitupu. Akasema, dada, nimesahau kuweka kitu, nilitoka haraka.

Nikamkaribisha. Ningefanyaje? Akakaa kwenye kochi lile la kila siku, akavuta pumzi, akasema, dada Haika, nina habari. Nina miezi mitatu na nusu. Halafu akasema, na haki ya Mungu ndivyo alivyosema, neno kwa neno: wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Kama tulivyoapizana. Hata mama yangu hajui.

Machozi yalikuwa yanamtoka. Ya kweli. Hilo ndilo linaloniua, yalikuwa ya kweli.

Nilikuwa na simu mkononi. Picha ya saba ilikuwa hatua moja ya kidole. Ningemwambia, basi hebu nielezee hii. Ningemwambia kuhusu imeli, kuhusu Njeri, kuhusu imekuja. Nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatano, kwa mpangilio, nimeyafanyia mazoezi bafuni.

Nikasema, hongera, mdogo wangu.

Akasema anataka mimi nimshike mtoto siku ya ubatizo. Niwe mama yake wa ubatizo. Akasema, dada, huyu hatakuita shangazi, atakuita mama, na watu wa kanisani itabidi wakuite hivyo. Mama fulani. Loh. Alijua pa kunigusa. Au alimaanisha. Sijui tena, hapo ndipo aliponifikisha, sijui tena lipi ni lipi. Na nalitaka hilo jina! Nimelitaka mpaka mate yamenijaa mdomoni, hata baada ya picha ya saba, nisijidanganye.

Basi nikasema nitajua kwa njia moja tu. Nikaja jikoni nikachota bakuli mbili. Moto, nyama nyingi kwenye lake. Nikaziweka mezani. Nikakaa mkabala naye, nikaanza kula langu, vijiko vitatu, polepole, nimeze aone. Chakula changu mwenyewe, nyumbani kwangu, nakionja mbele ya mgeni kama mpishi wa mfalme!

Vai akashika kijiko. Akakoroga. Akasema, dada, unanukia! Akakoroga tena. Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Akainua kijiko, nusu ya njia. Nikaangalia dirishani, nisimtazame, nikaogopa kwamba nikimtazama ndipo atakapoogopa. Yaani na mimi nimeshaanza kuyaficha macho yangu.

Nikasikia kijiko kimerudi mezani.

Akasema, dada, nimekula kabla ya kutoka, nimeshiba kweli. Nifungie tu, nitakula nyumbani. Si vyombo hivyo vipo?

Nikachukua bakuli lake. Nikaja nalo huku. Limejaa kama nilivyolichota. Chombo nimeshakifungua, nimemimina, umeenea wote, hata tone halikubaki. Kwenye treni atakipakata mpaka Stratford. Jumatatu Njeri atakula.

Nimesimama tu. Najua kumwaga ni rahisi, sinki hii hapa. Kumrudishia bakuli mezani nikamwambia kula au toka, rahisi vilevile. Kumfungia, nikatabasamu, mwezi wa kumi na moja nikashika mtoto na nikaitwa mama, hilo nalo mikono inaliweza.

Anaita kutoka sebuleni. Sauti yake nzuri ileile, ya siku zile za bwawani. Dada? Umekosa kifuniko?

Kifuniko ninacho mkononi.